Wake Wenzangu Watatu wa Kaunta

Mume wangu ana wake wanne, na mimi ndiye wa mwisho kuhudumiwa. Watatu wanakaa kwenye kaunta za duka la mjomba wake. Wanakula umeme na karatasi, na wakilalamika kidogo tu yeye huacha sahani, huacha povu la sabuni masikioni, huacha sentensi katikati, huyo anakwenda. Mimi nakaa upande wa pili wa ukuta na cherehani yangu, nashona sare za shule, na nikilalamika mimi naambiwa, "Subiri kidogo, mama watoto."

Ni mashine za kadi. Zile ndogo za kulipia, mteja anachomeka kadi, anabonyeza nambari yake ya siri, inatoka risiti. Duka linauza vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabomba, saruji. Mume wangu aliajiriwa kuuza misumari. Leo ukimuuliza bei ya misumari atakutuma kwa mwingine, na hakuna anayemwita kwa jina lake tena. Wanamwita Chaji, kwa sababu hutembea na waya wa chaji shingoni kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia moyo.

Niwatambulishe wake wenzangu. Bi Mkubwa yuko kaunta kuu. Betri yake imevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, kifuniko cha nyuma hakifungi, kimebanwa kwa mpira wa kufungia noti. Waya wake lazima ulale upande wa kushoto, ukiunyoosha tu anazimika. Bi Wa Kati yuko kaunta ya rangi na vumbi limemwingia mpaka tumboni. Asiposuguliwa kila asubuhi kwa kifutio cha penseli pale panapoingia kadi, hasomi kadi ya mtu, hata uje na kadi ya dhahabu. Bi Mdogo hana waya. Yeye hubebwa hadi uwanja wa nyuma kwa wateja wanaopakia saruji, na kule mtandao haufiki mpaka usimame kwenye ngazi ya tatu ya ghala umgeuzie uso barabarani.

Nayajuaje? Nayajua kwa sababu mume wangu hana hadithi nyingine. Tukikaa kula, watoto wanaeleza ya shuleni, mimi naeleza ya mteja aliyetaka sketi ya bure, yeye anaeleza ya mashine. "Watu hawana subira," husema, akinyoosha kijiko. "Wakiona duara linazunguka kwenye kioo wanachomoa kadi, wanachomeka tena. Wewe kabla ya kurudia, iulize kwanza. Bonyeza batani ya njano, itoe risiti ya mwisho, ikwambie imefanya nini." Miaka saba nimeambiwa niiulize kwanza. Mwanangu wa pili alipoanza kuongea, neno lake la nne au la tano lilikuwa "risiti".

Ilianza hivi. Mume wangu alifiwa na mama yake akiwa mdogo, mjomba akamchukua, akamlea, akamsomesha mpaka pale alipofika. Mashine zilipoletwa dukani, alikuja kijana wa benki kufundisha. Alifundisha nusu siku tu. Wengine walikuwa wanahudumia wateja, Chaji akachuchumaa chini ya kaunta na kijana yule, akasikiliza mpaka mwisho. Mjomba akamwambia, "Kaa nazo wewe, mpwa wangu. Ni kwa muda tu, mpaka benki ilete mtu afundishe na wenzako." Na kwa kuwa mashine hazichagui saa ya kuharibika, akatuhamishia kwenye vyumba viwili vilivyo nyuma ya duka. Hivyo navyo vilikuwa vya muda tu. Benki haikuleta mtu, na vyumba ni hivi ninamoandikia.

Kati ya chumba chetu na duka kuna ukuta mmoja wa matofali. Mashine ikisumbua, yeyote aliye kaunta huchukua kipande cha bomba na kugonga mara tatu. Hawapigi simu, wanasema simu ni gharama. Ngo, ngo, ngo, na mume wangu kasimama. Rangi imebanduka pale panapogongwa na kumebaki kishimo, upande wao na upande wetu. Nilikitundikia kalenda.

Chini ya kitanda kuna sanduku. Tulilinunua mwaka ule ule, la magurudumu, lenye kufuli ya tarakimu nne, ili twende kumwona mama yangu kwa siku tatu. Tulifika kituoni, tukakata tiketi, tukakaa, simu ikaita. Siku hiyo gharama haikuwa tatizo. Bi Mkubwa alikuwa amegoma na foleni imefika mlangoni. Tukashuka. Tangu siku hiyo sanduku linahifadhi karatasi za risiti, maana karatasi hizo hazitaki joto wala mwanga, zinageuka nyeusi, na chini ya kitanda chetu ndiko kwenye baridi kuliko kote. Mama yangu ameacha kuuliza tunakuja lini.

Sasa usidhani mume wangu alikuwa analia. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inauma. Alikuwa analalamika, ndiyo, anasema amechoka, hana hata Jumapili moja ya kujinyoosha. Lakini ungemwona anavyoingia dukani baada ya kugongewa! Watu wanampisha njia, Keshia anampisha kiti, mteja mwenye gari kubwa anamwambia tafadhali. Kuna mambo mashine haiyafanyi bila nambari ya msimamizi, kwa mfano kufuta malipo yaliyokosewa. Nambari hiyo aliiweka yeye, anaijua yeye. Akitaka kuibonyeza, hufunika vitufe kwa kiganja cha kushoto, mabega juu, kama mtoto anayeficha mtihani wake asiibiwe.

Keshia, dada mmoja mwepesi wa mikono na mwenye moyo safi, amemwambia kwa miaka minne, "Kaka Chaji, nifundishe basi, nisiwe nakusumbua."

"Wiki ijayo," humjibu.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka kampuni inayohudumia mashine hizo. Alikuja kuzikagua tu. Akamfungua Bi Mkubwa, akaona ule mpira wa noti, akacheka mpaka akafuta machozi. Mashine za umri ule kwingine zilikwisha tupwa zote. Akauliza ni nani anayezitunza. Hakukaa nusu saa na mume wangu kabla ya kumwambia kwamba wana karakana katika mji mwingine, safari ya mwendo wa saa nane, na wanatafuta mtu mwenye mikono kama ile. Mshahara unaoeleweka. Nyumba wanachangia kodi. Aripoti Jumatatu ya wiki ya tatu. Sharti lilikuwa moja, kwamba kampuni haichukui mfanyakazi wa mteja wake mpaka mteja atoe barua ya kumwachia.

Siku hiyo nilipima kichwani chumba cha nyumba yetu ya huko. Chumba cha mbele, cherehani dirishani, meza ya kukatia nguo, kibao nje chenye jina langu. Nilikipima kila siku kwa wiki mbili, hata mapazia nilishayachagua. Ukuta wa chumba hicho haukuwa na kishimo.

Mjomba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumfanya. Ni mtu wa kukaa kimya mpaka wewe mwenyewe uone aibu kwa ulichoomba. Mume wangu alipompelekea habari, aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikatai," akasema. "Nikatae nini, na mimi ndiye niliyekulea ili uende mbele? Ila usiniachie duka gizani. Mfundishe Keshia. Jumamosi ya mwisho atazishika zote tatu peke yake, wewe hugusi. Tukifunga salama, nasaini."

Basi akamfundisha. Wiki mbili nzima, kila jioni. Nilikuwa nasikia sauti zao ukutani, na nilikuwa nashona nikitabasamu peke yangu.

Jumamosi ni siku ya mafundi wote wa mji kununua vitu, duka hujaa. Nikafunika cherehani, nikawapeleka watoto kwa jirani, nikaenda kukaa juu ya ndoo ya rangi karibu na mlango, kama shabiki aliyelipa kiingilio. Mume wangu aliambiwa asikanyage ndani. Alisimama ng'ambo ya barabara, barazani kwa kinyozi, mikono kifuani. Hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma. Waya wa chaji nilimvua mwenyewe asubuhi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Keshia alimsugua Bi Wa Kati, akamlaza Bi Mkubwa waya kushoto. Nikaanza kumpenda yule dada kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Saa sita mchana akaja mwenye lori, mnene, mwenye haraka, na mzigo mkubwa wa saruji. Keshia akamchukua Bi Mdogo akaenda naye uwanjani. Mimi nikafuata. Mwenye lori akachomeka kadi, akabonyeza. Duara likaanza kuzunguka. Keshia alikuwa amesimama chini kabisa, kando ya magunia, wala si kwenye ngazi. Duara likazunguka, likazunguka. Mwenye lori akatazama saa. Keshia akachomoa kadi, akaichomeka tena, akamwomba abonyeze upya. Iulize kwanza, nilisema kimoyomoyo. Iulize kwanza!

Risiti ikatoka. Na simu ya mwenye lori ikalia mara mbili, ujumbe wa kwanza na ujumbe wa pili. Akasoma. Shingo yake ikavimba.

"Mmenikata mara mbili? Saruji moja mnanikata mara mbili?"

Keshia akasema samahani mzee, samahani mzee, akakimbilia ndani. Katika kukimbia akaugonga waya wa Bi Mkubwa, ukanyooka, Bi Mkubwa akazimika mteja akiwa katikati ya kulipa. Sasa foleni mbili zinalalamika, na mwenye lori amesimama kati anawahesabia watu alivyodhulumiwa. Keshia akabonyeza nambari ya msimamizi kwa Bi Mdogo. Ikakataa. Akabonyeza tena. Ikakataa. Machozi yakaanza kumdondoka juu ya vitufe.

"Ndiyo nambari aliyonipa," akaniambia. "Shemeji, naapa, ndiyo hiyo."

Mjomba alikuwa amekwisha toka ofisini. Alisimama mlangoni akifuta miwani.

Nikatazama ng'ambo ya barabara. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu niliyeishi naye miaka tisa sihitaji aseme. Nikajua.

Sikuwaza. Ningewaza nisingefanya. Nilimchukua Bi Mdogo mikononi mwa Keshia, nikapanda ngazi ya tatu ya ghala, nikamgeuzia uso barabarani. Nikabonyeza ya njano. Risiti ya mwisho ikatoka, na ile iliyotangulia nikaiita nayo ikatoka. Malipo mawili, dakika mbili kati yake. Nikamwonyesha mwenye lori ayaone kwa macho yake. Nikabonyeza kufuta. Mashine ikataka nambari ya msimamizi.

Mtu anayetunza siri tatu hachagui nambari tatu. Mume wangu hakumbuki hata siku ya kuzaliwa kwake bila kitambulisho. Nikabonyeza tarakimu nne za sanduku letu.

Ikakubali. Karatasi ikatoka imeandikwa malipo yamefutwa. Nikampa mwenye lori, nikashuka, nikaulaza waya wa Bi Mkubwa kushoto, nikahesabu mpaka thelathini, akawaka. Watu wakapiga makofi. Fundi mmoja wa mabomba akapaza sauti, "Kumbe Chaji ni mama!" Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nilijisikia mrefu. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nitalihitaji mbele.

Kisha nikavuka barabara.

"Ulimpa nambari ipi?"

"Ya kufungulia asubuhi."

"Na ya kufuta?"

Akafuta kiatu kimoja kwa kingine.

"Na ngazi ya tatu? Na ya njano? Yale ambayo hata mtoto wa miaka mitano nyumbani kwako anayajua?"

"Nilisahau."

"Hukusahau wewe."

Kinyozi akaongeza sauti ya redio, mtu mwenye adabu. Mume wangu alikuwa bado anatazama viatu. "Ningempa vyote," akasema polepole, "ningekuwa nimeacha nini pale? Miaka saba, mama watoto. Sikwenda kwenu kumzika mjomba wako, sikuwepo ulipojifungua wa pili. Halafu Jumatatu wanaamka, wanauza kama kawaida, kana kwamba sikuwahi kuwepo?"

Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu haikujua ianze na lipi. Miaka saba nilikuwa namchukia mjomba, nauchukia ukuta, nakichukia kipande kile cha bomba. Kumbe funguo alikuwa nazo yeye, na alikuwa anajifungia kwa ndani.

Mjomba akatuita ofisini. Barua ilikuwa mezani, imekwisha chapwa, inangoja kalamu. Sikujua kama angeisaini au angeichana. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwao alinivutia kiti.

"Mkwe wangu," akasema, "kumbe fundi tulikuwa naye nyumbani."

"Nayasikia tu mezani, mjomba."

"Ndivyo watu wanavyojifunza." Akachukua kalamu. "Sikiliza. Keshia ni mwaminifu, lakini leo umemwona. Mpwa wangu nimeahidi kumwachia, namwachia. Nasaini sasa hivi, mbele yenu. Ila wewe ubaki na watoto, uzishike mashine. Cherehani utashona hapo hapo kaunta kukiwa kimya, nani atakukataza? Akishatulia huko, akipata nyumba, tutaona."

Nikamgeukia mume wangu. Nilingoja. Sikuhitaji maneno mengi kutoka kwake, hata moja fupi lingetosha. Nilimwona akitazama barua, akitazama kalamu. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona mlango umefunguka kidogo na anaogopa kupumua usije ukafungwa.

"Ni kwa muda tu, mama watoto," akasema.

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara mia. Lakini nikikataa, kalamu inarudi mfukoni, na tunakuwa wanne tena nyuma ya ukuta, tukila na kusikiliza habari za duara linalozunguka. Angalau mmoja atoke, niliwaza. Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Mjomba akasaini.

Jumapili nilitoa karatasi za risiti kwenye sanduku, nikapanga mashati yake. Alfajiri ya Jumatatu ilikuwa haijafika alipoondoka, watoto wamelala, magurudumu yanalia kwenye kokoto. Sanduku lile hatimaye lilisafiri. Karatasi nilizitia kwenye beseni na kulisukuma chini ya kitanda.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Hupiga simu kila Jumapili. Anafanya kazi na wenzake sita, wote wanajua anachojua, na sauti yake imekuwa ya mtu mwingine, nyepesi. Nyumba bado hajapata, kodi za kule ni za kutisha. Cherehani imefunikwa, maana kaunta haijawahi kukaa kimya hata saa moja. Mjomba ananisalimia kabla sijamsalimia. Mafundi wananiita Mama Chaji. Nikiwa nyumbani na watoto, ukuta ukigongwa mara tatu, nasimama kabla ya pigo la tatu. Juzi niliacha nywele za binti yangu zimesukwa upande mmoja, akaenda nazo hivyo hivyo dukani kunitafuta.

Jana Bi Wa Kati alikosea malipo ya mteja wa rangi. Keshia akaja kando yangu, akasema kwa upole, maana yule dada hana kinyongo hata chembe, "Shemeji, si unifundishe na hiyo ya kufuta? Ukinipa nambari, siku moja moja utapumzika. Utaweza hata kumfuata kaka."

Nilijua anasema kweli. Siku nitakayomwambia zile tarakimu nne, pamoja na ngazi na waya na ya njano, ndiyo siku nitakayofungasha. Chumba changu cha mbele kipo, kibao kipo, mapazia nilishayachagua. Nilifungua mdomo nimwambie. Foleni ilikuwa ndefu, wote wananitazama, mjomba yuko mlangoni ananitazama, na mteja wa rangi anasema, "Tafadhali, mama, nisaidie."

Nikatazama chini. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimekwisha funika vitufe.

"Wiki ijayo," nikamwambia Keshia.